DRC: Kemia oganiki hujifunzwa kwa mikono, hata pale maabara ilipo maskini

Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kitivo cha sayansi anaweza kuandika kwenye karatasi ya mtihani hatua zote za kutengeneza aspirini, akapata 16 juu ya 20, na bado asijue afanye nini pale kioevu kinapogawanyika safu mbili ndani ya chupa na yeye ameambiwa atunze moja na kuacha nyingine. Wahadhiri wa kemia katika vyuo vikuu vya Congo wanalijua tatizo hili vizuri. Kumbi zimejaa, vyombo ni vichache, maji na umeme havina uhakika. Kazi za vitendo, ambazo wanafunzi wote huziita TP, mara nyingi hufanywa na mtu mmoja huku kundi kubwa likitazama.

Swali hili haliwahusu wanafunzi peke yao. Anayepata diploma ya kemia leo ndiye atakayepima kesho dawa zinazoingia nchini, mafuta ya mawese yanayotoka kiwandani, sabuni, vinywaji na maji ya kunywa. Chini ya mfumo wa zamani alisoma miaka 5 kabla ya kuitwa mwenye lisansi: 3 ya graduat na 2 ya licence. Chini ya mfumo wa LMD, lisansi inachukua miaka 3. Muda umefupika, na kila saa ya maabara inayopotea inazidi kuwa na uzito.

Kemia oganiki ndiyo sehemu ya kemia inayoshughulika na vitu vilivyojengwa juu ya kaboni: dawa, mafuta, sukari, manukato, plastiki, petroli. Ni somo linaloogopwa kwa sababu ya michoro yake mingi. Lakini ndani ya maabara, mwaka wa kwanza wa TP una stadi chache tu: kutenganisha, kukeneka, kusafisha kwa fuwele, kupima kiwango cha kuyeyuka, na kuangalia kwa kromatografia kama kitu ulichopata ndicho ulichotaka. Stadi hizo hazikai kichwani tu. Zinaingia mkononi kwa kurudiwa.

Ituri: vidonge vilivyobeba jina la uongo

Kwa anayeuliza stadi hizo zina faida gani, jibu liko Ituri. Kuanzia mwishoni mwa 2014 na kuendelea hadi katikati ya 2015, zaidi ya watu 1,000 walipokelewa katika vituo vya afya vya eneo hilo wakiwa na dalili za ajabu. Misuli ya uso, shingo na ulimi ilikaza yenyewe, wakashindwa kuituliza. Mwanzoni wauguzi walishuku uti wa mgongo, yaani meninjitisi. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoto, na baadhi ya wagonjwa walifariki.

Vipimo vya maabara ndivyo vilivyofumbua fumbo. Vidonge vilivyokuwa vikiuzwa na kutolewa kama diazepam, dawa ya kutuliza degedege na wasiwasi, ndani yake vilikuwa na haloperidol, dawa nyingine kabisa inayotumika kutibu magonjwa ya akili. Kukaza kwa misuli ya uso na shingo ni athari inayojulikana ya haloperidol, hasa kwa watoto na kwa anayepewa kipimo kikubwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya kimataifa mwaka 2015.

Kwa macho, kidonge ni kidonge. Hakuna muuguzi wala mfamasia anayeweza kuona molekuli. Lakini kuna njia rahisi ya kulinganisha. Unasaga kidonge, unakiyeyusha, unaweka tone lake kwenye bamba dogo lililopakwa silika, kando yake unaweka tone la dawa halisi, kisha unaacha kiyeyushi kipande taratibu. Kama madoa mawili hayakufika urefu mmoja, vitu hivyo viwili si kimoja. Hiyo ndiyo kromatografia ya bamba jembamba. Haimalizi uchunguzi, kwa sababu haikuambii jina la kitu usichokijua, lakini inatosha kupiga kengele.

Njia hiyohiyo ndiyo msingi wa Minilab, maabara ndogo ya kubebwa kwenye masanduku iliyobuniwa na mfuko wa GPHF wa Ujerumani kwa ajili ya kukagua dawa mahali ambapo hakuna mashine kubwa. Inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Anayeitumia anahitaji mkono uliozoea kuweka tone dogo mahali pake na jicho linalojua doa zuri linafananaje. Mwanafunzi wa kemia anaweza kuyapata yote mawili katika TP ya mwaka wa pili.

Tangu Giessen, mwanafunzi hushika chupa mwenyewe

Wazo la kumweka kila mwanafunzi mbele ya vyombo halikuwepo siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika vyuo vingi vya Ulaya, profesa alifanya jaribio mbele na wanafunzi wakaandika. Mjerumani Justus von Liebig, aliyefika katika chuo cha Giessen mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 21, ndiye anayetajwa zaidi kwa kubadili desturi hiyo. Alikusanya wanafunzi ndani ya maabara, akawapa vitu vya kuchunguza, na kila mmoja akafanya kazi yake. Mwaka 1831 alitangaza chombo cha kioo chenye viputo vitano cha kupimia kaboni. Kazi iliyokuwa ya mabingwa wachache ikawa kazi ambayo mwanafunzi angeweza kujifunza. Wanafunzi wake walisambaa Ulaya na Marekani na kuanzisha maabara za namna hiyo.

Funzo la Giessen bado lina maana kwa Congo. Kilichobadilisha mambo ni chombo rahisi na zamu ya kila mwanafunzi kukitumia. Ukubwa wa jengo ulikuja baadaye.

Safu mbili ndani ya chupa moja

Tuanze na stadi inayowasumbua wengi: kutenganisha kwa kutumia chupa ya kutenganishia, ile yenye umbo la pea na bomba chini. Zoezi linalofundishwa duniani kote ni kutoa kafeini kwenye majani ya chai, na Kivu inalima chai. Unachemsha majani pamoja na kabonati ya sodiamu ili tanini zibaki ndani ya maji. Unapooza, kisha unaongeza kiyeyushi kisichochanganyika na maji na unatikisa. Kafeini inahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye kiyeyushi.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Kosa la kwanza ni kutikisa kwa nguvu kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi. Chai ina vitu vinavyofanya kazi kama sabuni, na ukitikisa sana unapata povu zito la katikati ambalo halitengani hata baada ya saa nzima. Mkono uliozoea hupindua chupa taratibu, mara kadhaa, na kila mara hufungua bomba likiwa limeelekezwa juu, mbali na nyuso za watu, ili kutoa mvuke uliobanwa.

Kosa la pili ni kutojua safu ipi ni ipi. Dikloromethani ni nzito kuliko maji, hivyo inakaa chini. Etha na asetati ya ethili ni nyepesi, zinakaa juu. Anayesahau anaweza kumwaga kazi ya saa tatu kwenye sinki. Dawa yake ni rahisi: dondosha tone la maji ndani ya chupa na uangalie linaungana na safu ipi. Na kanuni ambayo kila msimamizi wa TP huirudia: usitupe safu yoyote mpaka zoezi limalizike na matokeo yapimwe.

Kosa la tatu ni la hesabu. Mwanafunzi akipewa mililita 30 za kiyeyushi, hupenda kuzimimina zote mara moja. Tuchukue mfano wa mililita 100 za maji na kitu ambacho hukipenda kiyeyushi mara 10 kuliko maji. Ukitumia mililita 30 kwa mpigo mmoja, robo ya kitu hicho, yaani asilimia 25, inabaki ndani ya maji. Ukizigawa mara tatu, mililita 10 kila mara, inabaki asilimia 12.5 tu. Kiyeyushi ni kilekile, gharama ni ileile, hasara imepungua nusu. Hesabu hii huandikwa ubaoni kila mwaka, lakini wanaoikumbuka ni wale waliopima wenyewe tofauti hiyo kwenye mizani.

Aspirini: gramu 2.6 haziongezeki

Zoezi la pili linalojulikana sana ni aspirini. Unachukua gramu 2 za asidi salisiliki, mililita 5 hivi za anhidridi ya asetiki na matone machache ya asidi kali, unapasha moto kwenye maji ya moto kwa dakika 10 hadi 15, unapooza, unaongeza maji, na fuwele nyeupe zinaanguka. Kwa hesabu, gramu 2 za asidi salisiliki haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.6 za aspirini.

Mwanafunzi anayekuja na gramu 1.9 amepata karibu asilimia 73, na hayo ni matokeo mazuri. Anayekuja na gramu 3.1 huwa anatabasamu, akidhani amewashinda wenzake. Msimamizi anajua mara moja: fuwele zake bado zina maji. Azirudishe kwenye karatasi, azikaushe, apime tena.

Halafu kuna usafi. Tone la kloridi ya chuma likigeuza mmumunyo kuwa zambarau, asidi salisiliki bado ipo. Aspirini safi huyeyuka kwenye nyuzi 135 hivi. Iliyochafuka huanza kuyeyuka chini ya hapo na kuendelea polepole kwenye nyuzi nyingi. Dawa ya uchafu ni kuyeyusha fuwele kwenye ethanoli ya moto kidogo iwezekanavyo, kuongeza maji ya uvuguvugu na kuacha zipoe bila haraka. Wengi hushindwa hapa kwa sababu mbili tu: wametia kiyeyushi kingi mno, au wameikimbiza chupa kwenye barafu ikiwa bado ya moto. Fuwele zinazozaliwa kwa haraka hufunga uchafu ndani yake.

Zoezi hili lina kikwazo kingine nchini. Anhidridi ya asetiki imo katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, kwa kuwa hutumiwa kutengeneza heroini. Kuinunua kunahitaji vibali. Idara isiyo na kemikali hiyo bado ina njia: kununua vidonge vya aspirini kwenye duka la dawa, kuvisaga, kutoa aspirini kwa ethanoli ya moto, kuchuja wanga unaobaki, kisha kuisafisha kwa fuwele. Mwanafunzi anajifunza kuyeyusha, kuchuja, kupooza, kukausha, kupima kiwango cha kuyeyuka na kukokotoa asilimia kwa gharama ya pakiti moja ya vidonge.

Bukavu, nyuzi 74

Kukeneka, yaani kuchemsha kioevu na kupooza mvuke wake, ni stadi ambayo Wakongomani wengi wameiona kabla ya kuingia chuoni. Kanyanga ya Kivu, lutuku ya Katanga na lotoko ya Kinshasa zote hupatikana kwa njia hiyo: pipa, bomba, maji ya kupoozea. Kinachoongezwa na maabara ni kipimo. Kitunguu cha kipimajoto lazima kikae chini kidogo ya njia ya pembeni anapopitia mvuke. Kikikaa juu mno, kinasoma hewa. Maji ya kupoozea huingia kwa chini ya bomba na kutoka juu, ili bomba lote lijae. Vipande vya kutuliza mchemko hutiwa kabla ya kupasha moto. Ukivitia kwenye kioevu kilichokwisha kuwa cha moto, kinaweza kuruka chote kwa ghafla. Kamwe usipashe moto chombo kilichozibwa kila upande, na usikeneke mpaka chupa ikauke.

Kitabu kinasema ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78. Lakini kitabu kimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huko kanieneo ya hewa ni ndogo, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ethanoli safi kwenye nyuzi 74 hivi. Mwanafunzi wa Bukavu anayeandika 74 kwenye daftari ameona kweli. Anayeandika 78 amenakili.

Jambo hili dogo linagusa moyo wa somo lote. Daftari la maabara ni mahali pa kuandika kilichoonekana, saa ileile, kwa kalamu, bila kufuta: rangi iliyobadilika, povu lililotokea, gramu zilizomwagika. Panapokuwa na vyombo vichache, ripoti za TP huzunguka kutoka kwa waliosoma mwaka uliopita, na matokeo ya watu 60 huja yakiwa yanafanana hadi nukta ya mwisho. Anayezoea kuandika namba ambayo hakuiona ataandika namba ya namna hiyo siku moja kwenye cheti cha dawa.

Watu kumi, chupa moja

Kundi la wanafunzi kumi likipewa seti moja ya vyombo, mmoja au wawili hufanya kazi. Mara nyingi ni wale wenye ujasiri au waliotoka shule zilizokuwa na maabara. Wengine huandika, hushika saa, au husimama nyuma, na mwisho wa mwaka wote hupata alama moja ya kundi.

Njia za kupunguza hasara hiyo zinajulikana. Ya kwanza ni zamu: kila zoezi lina mshika vyombo, mwandishi, mpimaji na msimamizi wa usalama, na nafasi hizo hubadilika kila wiki mpaka kila mmoja ameshika kila kazi. Ya pili ni mtihani wa mikono. Mwanafunzi anaitwa peke yake kwa dakika 10 na kuambiwa: funga vyombo vya kukeneka, au weka madoa matatu kwenye bamba, au chuja fuwele hizi. Mwanafunzi anayejua ataulizwa hivyo hasimami nyuma.

Ya tatu ni kupunguza kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vyuo vya Bowdoin na Merrimack nchini Marekani, wakemia Dana Mayo, Ronald Pike na Samuel Butcher walianza kufundisha kemia oganiki kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya gramu moja ya kitu, kwa sababu hewa ya maabara ilikuwa imejaa mivuke. Kwa kiasi hicho kemikali hudumu zaidi, uchafu hupungua, na moto ukitokea ni mdogo. Afrika Kusini, kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilibuni visanduku vya plastiki vya majaribio madogo, na UNESCO ikavisambaza katika nchi nyingi. Chupa moja ya kiyeyushi inayotumiwa na makundi sita kwa kipimo cha kawaida inaweza kutosha darasa zima kwa kipimo kidogo, kila mwanafunzi na tyubu yake.

Ya nne ni maandalizi. Anayeingia maabara akiwa amechora vyombo, amekokotoa gramu na kuandika hatari ya kila kemikali hupoteza muda mchache. Video na maabara za kompyuta husaidia hapo, pale intaneti inapopatikana. Haziwezi kufundisha uzito wa chupa iliyojaa wala kizibo cha kioo kilichogoma kufunguka.

Kuna pia vyombo vya kujitengenezea. Bamba za kromatografia zinaweza kupatikana kwa kuchovya vipande vya kioo cha hadubini kwenye uji wa silika na kuvikausha. Gudulia la jamu lenye kifuniko hutosha kuwa chumba cha kiyeyushi. Mstari wa kuanzia huchorwa kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu wenyewe hupanda na kuharibu kila kitu. Wino wa kalamu za rangi, ukiwekwa kwenye karatasi ya kuchujia, hutoa somo la kwanza la kutenganisha bila kutumia franka nyingi. Na kiwango cha kuyeyuka kilipimwa kwa vizazi vingi bila umeme: mrija mwembamba uliozibwa upande mmoja kwa moto, kipimajoto, na mafuta ya parafini yanayopashwa polepole.

Usalama si kipengele cha mwisho

Uhaba wa vyombo hauruhusu uhaba wa tahadhari. Miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofungwa, nywele zilizofungwa nyuma, na koti la pamba ni mambo ya lazima. Kunyonya kioevu kwa mdomo kupitia pipeti ni marufuku, hata kama ni maji, kwa sababu mazoea hayachagui. Asidi huongezwa kwenye maji. Kumwaga maji juu ya asidi kali ni kualika mlipuko wa matone ya moto. Etha huwaka haraka, na mvuke wake mzito hutambaa juu ya meza hadi kufikia moto ulio mbali. Kemikali ikiruka jichoni, maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha hospitali.

Mahali ambapo feni ya kuvuta mivuke haifanyi kazi, au umeme unakatika katikati ya zoezi, kiyeyushi ndicho cha kubadilisha kwanza. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani kwa sababu ya madhara yake kwa afya, ikiruhusu maabara kuitumia kwa masharti makali. Kwa zoezi la kafeini, asetati ya ethili inaweza kuchukua nafasi yake. Inatoa mavuno madogo zaidi na inawaka moto, hivyo hakuna jiko la mwali karibu, lakini mapafu ya wanafunzi 60 yanapumua afadhali. Mabaki hayamwagwi kwenye sinki. Huwekwa kwenye chupa zilizoandikwa, zenye klorini mbali na zisizo nayo.

Kutoka chupa ya TP hadi Kolwezi

Stadi hizi hazibaki chuoni. Kule Haut-Katanga na Lualaba, viwanda vingi vya shaba huyeyusha madini kwa asidi, kisha huchanganya maji hayo na kioevu cha oganiki kilichochanganywa na mafuta mepesi ya petroli. Shaba huhamia kwenye oganiki, halafu hurudishwa kwenye maji yenye asidi kali zaidi na kuvutwa kwa umeme. Ni chupa ya kutenganishia iliyokuzwa hadi ukubwa wa bwawa, na lile povu zito la katikati linalomsumbua mwanafunzi wa chai huwasumbua pia mafundi wa huko.

Kivu ya Kusini ina mfano wa zamani zaidi. Kwinini ilitolewa kwa mara ya kwanza kwenye magome ya mti wa sinkona na Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820. Mti huo ulipandwa Kivu, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kilijulikana kwa kutoa kwinini kwenye magome yake. Msingi wa kazi hiyo ni uleule wa TP: magome husagwa na kuchanganywa na chokaa ili kwinini iachwe huru, kiyeyushi huichukua, asidi nyepesi huirudisha kwenye maji, na chumvi yake huanguka kama fuwele inapopoa. Mwanafunzi aliyefanya hatua hizo nne kwa mkono wake, hata kwa gramu tano za majani, akiingizwa kiwandani anatambua kila pipa.

Kwa idara inayopanga mwaka wa masomo, orodha ya kuanzia si ndefu: silika, vipande vya kioo, ethanoli, asetati ya ethili, chai, vidonge vya aspirini, vipimajoto, mirija myembamba, miwani kwa kila mwanafunzi, na daftari lenye kurasa zilizopewa namba. Kinachobaki ni ratiba inayompa kila mwanafunzi zamu yake, na mtihani wa dakika 10 unaohakikisha kwamba aliitumia.